Wazee Waliowafundisha Wanachuo

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msomaji kijana, labda umelisikia neno hili mara nyingi ukadhani lahusu mambo ya nyumbani tu. Nataka nikuonyeshe jinsi lilivyopata kuingia katika chuo kikuu.

Mnamo Julai, 1905, watu wa vilima vya Matumbi, kusini ya Tanganyika, waling'oa pamba katika shamba walilolimishwa kwa nguvu. Huo ndio mwanzo wa vita vya Maji Maji, vilivyodumu hata mwaka 1907. Wadachi walichoma vyakula, njaa ikaingia. Watu waliokufa walikadiriwa kuwa 75,000, na wataalamu wengine huitaja hesabu iliyozidi mara tatu.

Je, habari hizi ziliandikwa na nani? Ziliandikwa na mshindi. Gavana wa Kidachi, von Götzen, alitoa kitabu chake mwaka 1909, na humo waganga na uchawi walibebeshwa lawama kubwa. Basi kwa karibu miaka sitini, msomi aliyetaka kujua sababu za vita alifungua kwanza karatasi za Wadachi. Wale waliochapwa viboko walikuwa wangali hai, wakiota jua mbele ya nyumba zao, na ni wachache mno waliowauliza.

Mwaka 1968 mambo yaligeuka. Wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwatafuta wazee hao. Gilbert Gwassa, mtaalamu wa Tanzania, alikuwa amekwisha kuifungua njia hiyo huko Matumbi. Hebu fikiri: kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza, sasa alikuwa na miaka 78. Mwanachuo akaketi chini na daftari lake. Mzee asiyejua kusoma akawa ndiye mwalimu.

Walifundishwa mengi. Wazee walieleza jinsi palizi ya pamba ilivyowaondoa watu katika mashamba yao wenyewe. Walilitaja neno njwiywila, yaani habari ya siri iliyopita kwa kunong'onezana kijiji hata kijiji. Walimweleza Kinjikitile wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wadachi Agosti, 1905, kuwa mtu aliyewapa watu wa makabila mbalimbali moyo wa kusimama pamoja. Tena ilidhihirika kwamba si wote waliopigana kwa sababu moja: Wangoni wa Songea walikuwa na machungu yao, mbali na pamba.

Pengine utaniuliza, "Je, mzee hasahau?" Naam, husahau, na pengine huyapamba maneno. Lakini karani naye huandika yatakayompendeza bwana wake. Kwa hiyo mtaalamu wa kweli huyasikiliza masimulizi ya mzee huyu na ya yule, kisha huyapima pamoja na karatasi. Karatasi itakupa tarehe ya kunyongwa mtu. Mzee atakupa sababu iliyomfanya jirani yake aushike mche wa pamba na kuung'oa. Ukikosa mojawapo, umepata nusu ya habari.

Wazee wale wa Maji Maji hawako tena. Kama wanachuo wangalikawia miaka ishirini tu, wangalikuta makaburi, na maneno ya Götzen yangalibaki bila wa kuyajibu.

Na sisi wa Kenya tujitazame. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba, 1952. Aliyekuwa na miaka 15 siku ile, leo amekaribia miaka tisini. Huenda yumo katika kijiji chako, naye alichimba handaki kwa kulazimishwa, au alilala kizuizini. Usingoje mpaka uingie chuo kikuu. Chukua daftari, nenda ukamwamkie kwa heshima, ukae, umwulize, uandike. Kitanda kile alikilalia yeye.