Ukanda Uliohifadhi Sauti ya Mshitakiwa

Zamani, kabla utepe wa sumaku haujaenea maofisini, mkubwa wa ofisi aliyetaka barua zake ziandikwe bila kumkalisha karani mbele yake aliinenea mashine. Na sauti yake, ikisha kuchorwa kwa sindano juu ya silinda ya nta, ilipelekwa kwa wapiga taipu, ikasikilizwa, ikageuzwa maandishi, kisha nta ikaparuzwa hata ikawa laini tena kwa maneno ya siku nyingine. Jina la Dictaphone, lililosajiliwa Marekani mwaka 1907, lilikuwa la chombo cha namna hiyo, ambacho makusudi yake yalikuwa karatasi, na sauti ilikuwa tarishi tu.

Mwaka 1947 nta ilianza kuachwa, na mahali pake pakashikwa na ukanda wa plastiki ulioitwa Dictabelt, mwembamba, wa kunyumbuka, upana wake inchi 3.5 na mzunguko wake inchi 12, uliovikwa kwenye mashine kama pete kidoleni. Sindano haikuukata ukanda huo bali iliukandamiza, ikaacha mfuo wa maneno usiofutika. Na kutofutika huko, ambako kwa karani wa barua hakukuwa na faida kubwa, kwa mahakama na polisi kulikuwa na thamani adhimu.

Ndiyo maana kesi ya Rivonia, ya Nelson Mandela na wenzake waliopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, iliyosikilizwa Pretoria mwaka 1963 na 1964, ilinaswa katika mikanda hiyo, takriban 600, yenye zaidi ya saa 200 za maneno. Tarehe 20 Aprili 1964 Mandela alisimama kizimbani akanena kwa muda wa karibu saa 3, na miongoni mwa viongozi aliosema kuwa alionana nao katika safari yake ya 1962 barani Afrika aliwataja Julius Nyerere na Rashidi Kawawa wa Tanganyika. Maandishi ya hotuba ile yalienea duniani. Lakini maandishi hayana pumzi, wala hayaonyeshi mahali msemaji aliposita, na kwa mtu aliyekuwa akikabiliwa na hukumu ya kifo, kusita na kutosita ni sehemu ya ushahidi.

Mikanda ya namna hii, kwa desturi ya maofisi, ilibanwa bapa ndani ya majalada, na plastiki ikikakamaa kunjo lake huirusha sindano, neno likapotea. Kuipasha joto kiasi hulainisha kunjo. Ama mashine yenyewe, hata fundi akibadilisha mipira iliyoyeyuka na kapasita zilizokauka, sindano yake ya kale yaweza kuudhuru mfuo. Kwa sababu hiyo Mfaransa Henri Chamoux, akishirikiana na INA, taasisi ya Ufaransa inayohifadhi sauti na picha, alibuni chombo kipya cha kuisoma mikanda ya Rivonia, kazi ambayo kwa rai yangu inastahili heshima sawa na ya mwandishi wa tarehe. Nyaraka za kesi hiyo UNESCO ilikwisha kuziingiza katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 2007.

Basi ewe msomaji, ukikuta katika ghala la ofisi ya zamani ukanda wa buluu au mwekundu uliobanwa ndani ya jalada, usiunyooshe kwa nguvu wala usiutie katika mashine mbovu kwa shauku ya kusikia. Upeleke kwa watunza nyaraka ungali mzima.