Zumari la Unguja na Bakuli la Urojo

Wahenga walisema, zumari likipigwa Unguja hucheza walioko maziwa makuu. Haikuwa majigambo tu. Mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan alihamishia Unguja makao yake makuu kutoka Muscat, na kisiwa kidogo kikawa na sauti kubwa: bei ya pembe za ndovu hapa iliwatoa watu jasho mpaka kule Ujiji. Ukitaka kuisoma historia hiyo, msomaji mwenzangu, usianzie maktaba. Shuka bandarini, ingia Mji Mkongwe kwa miguu, tena uende na njaa yako.

Anza na Ngome Kongwe. Waomani waliijenga baada ya kuwatimua Wareno mwishoni mwa karne ya 17, pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Mshindi hujenga juu ya aliyeshindwa, ndiyo tabia ya miji mikuu. Jirani yake ni Beit-al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Watu waliliona la ajabu kwa ukubwa wake, na baadaye kwa taa za umeme na lifti. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyamiminia mizinga makasri ya pale ufukweni. Vita haikufika hata saa moja, lakini watu wapatao 500 wa upande wa sultani waliuawa au kujeruhiwa. Ajaib likabaki limesimama. Kilichoshindikana kwa mizinga kikafanywa na uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa jumba uliporomoka, watu wawili wakafa.

Sasa kata vichochoro mpaka Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Mwaka huo huo likaanza kujengwa kanisa la Anglikana ambalo ujenzi wake ulisimamiwa na Edward Steere. Nje yake kuna sanamu za watu ndani ya shimo, minyororo shingoni. Ziangalie vizuri, bwana. Karafuu zilizolipia majumba yale ya ajabu zilichumwa na mikono ya watumwa. Milango ya nakshi tunaipiga picha kila siku, lakini aliyebeba mawe ya ukuta hana hata jina.

Haya, jua linazama, twende zetu Forodhani. Moshi wa mishikaki na pweza umeshatanda, mashine ya miwa inakamua, na ndimu na tangawizi humo humo. Agiza urojo. Usicheke, hicho ni kitabu cha historia ndani ya bakuli! Bajia na kachori zina asili ya Bara Hindi. Muhogo uliokaangwa na pilipili inayokutoa machozi asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliovivusha bahari. Ukwaju na chatine ya nazi vinakamilisha safari. Watawala walipigania ngome, huku akina mama jikoni wakiwapatanisha wageni wote katika sufuria moja. Majina ya akina mama hao nayo hayakuandikwa popote.

Tena mji huu umetulisha kitu kingine. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kwa hiyo kijana anayeandika hadithi yake usiku Manzese au Kariobangi anaandika kwa lugha ya vichochoro hivi, hata kama hajawahi kupanda boti.

Basi sisi tunaoota kuandika riwaya tuna deni. Masultani wameshaandikwa vya kutosha. Mchumaji wa karafuu, mbeba mawe na mpishi bado wanasubiri mwandishi. Ukuta wa Ajaib umetuonyesha kwamba mawe hayasubiri. Shika kalamu sasa, urojo utaunywa ukiandika.