Kamusi Kongwe katika Rafu ya Marejeo

Mkutubi anayechagua kamusi za Kiswahili kwa rafu ya marejeo ya haraka aghalabu huongozwa na mwaka wa kuchapishwa: toleo jipya huwekwa mbele, la zamani hupelekwa ghalani. Katika elimu ya tiba desturi hiyo ina maana. Katika Kiswahili huleta hasara, kwani kamusi zake hazikurithiana kwa mstari mmoja.

Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyotolewa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, ilitokana na kazi aliyoianza Mombasa baada ya kufika huko 1844. Muyaka bin Haji alikuwa amefariki miaka michache tu kabla ya hapo. Kimvita alichokisikia Krapf, basi, kilikuwa bado Kimvita cha zama za mshairi huyo. A. C. Madan aliegemea Unguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, urithi uliotumika ukawa wa Madan. Juu ya kazi yake ndipo ilipojengwa kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, iliyotolewa chini ya Kamati ya Lugha. Kiswahili kilichofafanuliwa katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, ni cha usanifishaji huo huo.

Kwa haraka, kamusi hiyo ya 1981 haina mpinzani mbele ya Johnson. Neno *mpishi* hutafutwa penye M. Kwa Johnson msomaji hana budi kwanza kuujua mzizi *pika*, jambo ambalo mwanafunzi mgeni ndilo hasa asilolijua.

Lakini mwanafunzi huyo huyo akikutana na *kuteka* katika shairi la Kimvita, kamusi sanifu itampa kuteka maji na kuteka mateka. Ataridhika, na atakosea, ikiwa mshairi alikusudia *kucheka*. Kosa la namna hii ni baya kuliko kukosa neno kabisa, maana halijitangazi. Dawa yake imo kwa Krapf, na zaidi kwa Charles Sacleux, ambaye kamusi yake, iliyoanza kutolewa Paris 1939, huonyesha lahaja ya neno. Kweli, imefasiriwa kwa Kifaransa, na hilo huwafukuza wengi. Hata hivyo jina la lahaja husomeka bila Kifaransa.

Karatasi moja iliyobandikwa ndani ya jalada ingetosha kueleza tahajia ya Krapf na vifupisho vya Sacleux.