Adrian Krainer

Adrian R. Krainer (amezaliwa Montevideo, Uruguay, 1958) ni mwanabiokemia na mwanajenetiki anayefanya kazi nchini Marekani, katika Cold Spring Harbor Laboratory, jimbo la New York. Anajulikana hasa kwa mchango wake katika kuunda nusinersen, dawa ya kwanza kuidhinishwa kutibu atrofia ya misuli ya uti wa mgongo (kwa kifupi SMA). Anachunguza pia jinsi kasoro katika uchakataji wa RNA zinavyochangia saratani.

Maisha
Krainer alikwenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1981. Mwaka 1986 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard chini ya Tom Maniatis. Mwaka huohuo alijiunga na Cold Spring Harbor.

Msingi wa utafiti
Ili kutengeneza protini, seli hunakili kwanza maagizo ya jeni kutoka DNA kwenda RNA. Nakala hiyo ya awali huwa na sehemu zinazotakiwa, ziitwazo eksoni, pamoja na zisizotakiwa, ziitwazo introni. Introni hukatwa na kuondolewa, kisha eksoni huunganishwa. Eksoni moja ikirukwa, protini inayopatikana inaweza kuwa na kasoro. Krainer ametumia maisha yake ya kazi kuchunguza protini zinazoongoza ukataji na uunganishaji huo. Mojawapo ni SRSF1.

Ugonjwa wa SMA
SMA ni ugonjwa wa kurithi unaompata takriban mtoto 1 kati ya 10,000 wanaozaliwa. Neva za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli hufa, na misuli hudhoofika. Katika aina yake kali, mtoto hawezi kukaa bila kushikiliwa, na kabla ya kupatikana tiba wengi walifariki kabla ya kutimiza miaka 2.

Chanzo chake ni kukosekana au kuharibika kwa jeni ya SMN1, iliyotambuliwa Ufaransa mwaka 1995 na kundi la Judith Melki. Wagonjwa hubaki na jeni inayofanana nayo, SMN2. Hata hivyo, kwa sababu ya tofauti ya herufi moja tu, eksoni ya 7 ya SMN2 hurukwa mara nyingi, na protini kamili hupatikana kwa kiasi kidogo.

Kuanzia mwaka 2004 Krainer alishirikiana na Frank Bennett wa kampuni ya Isis, ambayo sasa inaitwa Ionis. Walitafuta kipande kifupi cha asidi nyukleiki kilichotengenezwa maabara ambacho kingejishikiza kwenye RNA ya SMN2 na kuzuia eksoni ya 7 isirukwe. Kipande hicho ndicho nusinersen. Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 2011. Katika jaribio la watoto wachanga 122, takriban nusu ya waliopewa dawa walipiga hatua katika uwezo wa kutumia misuli, kama vile kushikilia kichwa au kukaa. Katika kundi la kulinganisha hakuna aliyefikia kiwango hicho.

Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani Desemba 2016 kwa jina la Spinraza. Hudungwa katika kiowevu kinachozunguka uti wa mgongo. Baada ya dozi 4 za mwanzo hurudiwa kila miezi 4. Haiponyi kabisa, na matokeo huwa bora zaidi ikianza mapema. Ilipotoka, bei yake ilikuwa dola 125,000 kwa dozi, yaani dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza. Gharama hiyo imekuwa kikwazo kikubwa kwa familia nyingi.

Saratani
Mwaka 2007 kundi la Krainer lilionyesha kwamba SRSF1 ikizidi inaweza kugeuza seli za kawaida kuwa za saratani. Protini hiyo huzidi katika baadhi ya uvimbe wa mapafu, utumbo mpana na matiti. Maabara yake imejaribu pia mbinu ileile ya nusinersen dhidi ya saratani ya ini: vipande vya asidi nyukleiki hubadilisha uunganishaji wa RNA ya jeni ya PKM, inayohusika na matumizi ya sukari katika seli. Katika panya, ukuaji wa uvimbe ulipungua.

Tuzo
Krainer na Bennett walipata Tuzo ya Breakthrough ya mwaka 2019. Mwaka 2021 Krainer alipata Tuzo ya Wolf ya tiba pamoja na Joan Steitz na Lynne Maquat.