Mabaki ya Halifax: Kuyaacha, Kuyatengeneza au Kuyayeyusha

Mabaki ya ndege ya vita ni hati. Mikunjo ya mabati na matundu ya risasi husimulia yaliyotokea. Je, aliyeyaopoa ana haki ya kuyasahihisha? Mhakiki wa miswada ya kale analijua swali hili. Historia ya Halifax, ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu, inatoa majibu matatu.

Ziliundwa Halifax 6,176. Baada ya vita, karibu zote zilizosalia zilivunjwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Waliotaka kuiona tena iliwabidi waitafute majini na matopeni.

Ya kwanza, W1048, iliondoka Kinloss, Uskoti, tarehe 27 Aprili 1942 kuishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz karibu na Trondheim, Norwei. Ilipopigwa, rubani aliitua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen. Wote walinusurika: mmoja, aliyevunjika kifundo cha mguu, alitekwa, wenzake walitorokea Uswidi. Barafu iliyeyuka, ndege ikazama. Iliopolewa mwaka 1973, na jumba la makumbusho la Hendon, London, likaamua kuionyesha karibu kama ilivyotoka majini.

Ya pili, NA337, iliruka usiku wa tarehe 23 Aprili 1945 kuwapelekea vifaa wapiganaji wa siri wa Norwei, majuma mawili tu kabla ya vita kwisha Ulaya. Ilipigwa, ikaangukia ziwa Mjøsa. Kati ya watu sita waliokuwamo, mpiga bunduki wa mkia peke yake ndiye aliyepona. Mwaka 1995 iliopolewa kutoka kina cha zaidi ya mita 200, ikapelekwa Trenton, Kanada. Mafundi waliifanyia kazi kwa miaka kumi, hata ikasimama kamili mwaka 2005.

Ya tatu, LW682, iliangushwa Mei 1944 karibu na Geraardsbergen, Ubelgiji, ikiwa na watu wanane. Watatu walibaki matopeni pamoja nayo. Mabaki yalipofukuliwa mwaka 1997, watatu hao walizikwa kwa heshima. Sehemu ya alumini yake iliyeyushwa na kutumiwa katika dari ya mnara wa ukumbusho uliofunguliwa London mwaka 2012 kwa ajili ya wanaanga 55,573 waliokufa katika vikosi vya mabomu.

Ndege iliyotengenezwa huonyesha jinsi Halifax zote zilivyokuwa. Iliyoachwa huonyesha yaliyoipata moja tu. Kila ukarabati hufuta ushahidi fulani: bati likinyooshwa, pigo lililolikunja halisomeki tena. Kwa hiyo, kazi ya Trenton ina uhalali mkubwa zaidi kwa sababu ile ya Hendon imeachwa na majeraha yake. Na LW682 inakumbusha utaratibu usiopaswa kugeuzwa: watu kwanza, chuma baadaye.