Vikombe vinane vya chai

Katika miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mtaalamu wa mwani Muriel Bristol alidai kuwa akionja chai hutambua kilichotangulia kikombeni: maziwa au chai yenyewe. Mwanatakwimu Ronald Fisher aligeuza dai hilo kuwa swali la hesabu. Kitabu chake cha 1935 kinaeleza jaribio la vikombe 8, vinne vya kila aina, vikitolewa kwa mpangilio wa nasibu. Njia za kuchagua vinne ni 70. Anayebahatisha hupatia vyote mara 1 tu kati ya 70. Mwonjaji akipatia vitatu, hata kama inavutia, ushahidi ni dhaifu mno, kwani kubahatisha hufikia vitatu au zaidi mara 17 kati ya 70. Hivyo kigezo kilikuwa kupatia vyote, nacho kiliwekwa kabla ya kuonja.