Jaribio la kipande cha programu

Jaribio la kipande cha programu ni msimbo mfupi unaoandikwa ili kukagua sehemu ndogo ya programu ya kompyuta ikiwa peke yake. Jaribio huipa sehemu hiyo thamani fulani, kisha hulinganisha jibu linalotoka na jibu linalotarajiwa. Majibu yakilingana, jaribio limefaulu. Yakitofautiana, kuna kosa ama katika programu ama katika jaribio lenyewe. Siku hizi majaribio haya huandikwa pia kwa msaada wa akili unde (huitwa pia akili mnemba).

Historia

Njia hii ilienea hasa baada ya Kent Beck na Erich Gamma kutunga JUnit, chombo cha majaribio cha lugha ya Java, mwaka 1997. Katika Afrika ya Mashariki chombo hicho hutumika katika OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Msaidizi wa kuandika msimbo aitwaye GitHub Copilot alitolewa kwa watumiaji wachache mwaka 2021 na kwa umma mwaka 2022.

Mfano wa matokeo ya shule

Tuchukue shule ya sekondari mjini Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, inayotaka programu ya kupanga matokeo ya kidato cha nne kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Pointi za masomo saba bora hujumlishwa: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili.

Sasa mwandishi wa programu akiandika kwamba A ni alama "zaidi ya 75", badala ya "75 au zaidi", mwanafunzi mwenye 75 atapewa B. Kama ana A hiyo moja, B mbili na C nne, jumla yake halali ni 17. Programu itasema 18, naye atashushwa daraja la pili. Kosa ni la alama moja tu ya hesabu, na kwa wanafunzi wengi halionekani kabisa.

Msaidizi wa akili unde akipewa msimbo huo peke yake na kuombwa majaribio, anaweza kuandika kwamba 80 ni A, 70 ni B, na hata kwamba 75 ni B, kwa kuwa ndivyo msimbo unavyosema. Majaribio yote yatafaulu. Yatakuwa yamethibitisha kile programu inachofanya, si kile inachopaswa kufanya, sawa na mwanafunzi anayesahihisha mtihani wake kwa kutumia majibu yake mwenyewe.

Kwa hiyo msaidizi hupewa kanuni ya Baraza, na majibu yanayotarajiwa huandikwa na mtu anayeijua. Mipakani ndiko makosa hujificha: 29 na 30, 44 na 45, 64 na 65, 74 na 75. Nafasi iliyoachwa wazi kwa mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani nayo isihesabiwe kuwa sifuri.

Kupima majaribio yenyewe

Njia rahisi ni kuuharibu msimbo kwa makusudi, kwa mfano kubadili 65 kuwa 66, kisha kuendesha majaribio. Yakifaulu yote, hayana kazi. Mwaka 2024 watafiti wa Meta walieleza chombo chao cha akili unde kilichojaribiwa kwenye programu za Instagram: asilimia 57 ya majaribio yake yalifaulu kwa uhakika, na asilimia 25 tu yaliongeza sehemu ya msimbo iliyokaguliwa.

Taarifa za wanafunzi

Wasaidizi wengi hufanya kazi kupitia intaneti, ingawa majaribio yakishaandikwa huweza kuendeshwa kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Majina na alama za wanafunzi halisi hazihitajiki. Wanafunzi wa kubuni wanatosha. Nchini Tanzania taarifa za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.